Kampuni ya Bima Inapokataa Kumlipa Majeruhi

Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe ilifunguliwa mwaka 1968 kwa ajili ya askari na jamaa zao. Leo hii wengi wa wagonjwa wanaotibiwa humo ni raia, na miongoni mwao wapo waliovunjika miguu, mapaja na nyonga katika ajali za barabarani: abiria wa pikipiki, watu waliokuwa wakitembea kwa miguu, matingo wa malori, na askari wenyewe waliogongwa wakiwa kazini au wakirejea makwao baada ya zamu.

Madaktari hufanya kazi yao na mfupa huunga. Lakini yako maumivu mengine ambayo huanza siku mgonjwa anapopewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Hapo ndipo hufika barua ya kampuni ya bima, au isifike kabisa. Kampuni husema kwamba dereva wa gari lililogonga hakuwa na kosa. Au kwamba hati ya bima ilikuwa imekwisha muda wake. Au kwamba ulemavu ulioandikwa na daktari umezidishwa. Au husema tu kwamba faili linashughulikiwa, na kauli hiyo hurudiwa mwezi baada ya mwezi. Wakati huo huo kodi ya nyumba inadaiwa, na mtu aliyekuwa akibeba mifuko ya saruji hawezi hata kuinua ndoo ya maji.

Jambo hili lawahusu askari wa jeshi na wa polisi kwa namna mbili. Kwanza, wao pia ni watumiaji wa barabara na huumia kama wengine. Pili, na hili ndilo halitajwi sana, wao ndio waandikao karatasi ambazo kampuni ya bima huzitazama kabla ya kulipa au kukataa. Askari wa usalama barabarani ndiye mwenye kuchora mchoro wa ajali. Daktari wa Kanombe, ambaye mara nyingi ni mwanajeshi, ndiye mwenye kuandika kiasi cha ulemavu. Madai mengi hayafi mbele ya hakimu. Hufa mapema zaidi, kando ya barabara na katika chumba cha daktari, kwa sababu neno lililopaswa kuandikwa halikuandikwa, au liliandikwa ovyo.

Yafaa ifahamike kwanza bima hii iliwekwa kwa ajili ya nani. Nchini Rwanda, Amri-sheria namba 32/75 ya tarehe 7 Agosti 1975 ilimlazimisha kila mwenye gari au pikipiki kuwa na bima ya dhima, yaani bima ya madhara anayoweza kumletea mtu mwingine. Mwaka huo huo wa 1975 ndipo ilipoundwa SONARWA, kampuni ya kwanza ya bima ya taifa. Dola haikulazimisha bima hiyo kwa kumhurumia mwenye gari. Ilifanya hivyo kwa sababu mwenye gari anaweza kuwa maskini, anaweza kutoroka, anaweza kufa katika ajali ile ile, na aliyevunjwa mguu abaki bila mtu wa kumdai. Bima ya lazima ni mali ya yule ambaye hakuinunua na ambaye, asubuhi alipotoka nyumbani kwake, hakujua hata jina la kampuni itakayomhusu jioni.

Msingi huo una maana kubwa pale kampuni inapotoa sababu za kutolipa. Kampuni inaweza kuwa na ugomvi wa haki na mteja wake: labda mteja alikuwa amelewa, labda alimpa gari mtu asiye na leseni. Katika bima ya namna hii, ugomvi huo ni wa wawili hao. Utaratibu wake ni kwamba kampuni humtengenezea aliyeumia haki yake, kisha humgeukia mteja wake na kumdai. Hali ni tofauti pale ambapo bima haikuwepo kabisa au muda wake ulikuwa umekwisha siku ya ajali, kwa maana hapo hakuna mkataba wa kumfunga mtu. Na huyo aliyeumia ana mlango mwingine wa kubisha, ambao utaelezwa mbele. Tena ikumbukwe kwamba dereva aliyesababisha ajali yeye mwenyewe si mtu wa tatu. Kama hakununua bima ya ziada ya kumkinga yeye, bima ya lazima haimlipi mguu wake. Askari wengi wenye pikipiki zao binafsi hugundua jambo hili wakiwa kitandani.

Malipo yenyewe yanaongozwa na Sheria namba 41/2001 ya tarehe 19 Septemba 2001, na Amri ya Rais namba 31/01 ya tarehe 25 Agosti 2003. Humo yametajwa mambo yanayolipwa: gharama za matibabu na za usafiri, siku ambazo majeruhi hakuweza kufanya kazi, ulemavu wa kudumu, maumivu aliyoyapata, kuharibika kwa sura au umbo, miaka ya masomo iliyopotea kwa mwanafunzi, na nafasi za maendeleo ya kazi zilizofungwa kwa sababu ya jeraha. Mtu akifa, jamaa zake hudai gharama za mazishi na hasara ya kuondokewa na aliyewalisha. Mambo haya yatajwe yote katika barua ya madai. Kampuni haina desturi ya kumkumbusha mdai jambo alilolisahau.

Hesabu ya ulemavu wa kudumu husimama juu ya nguzo tatu: pato la mtu, asilimia ya ulemavu, na umri wake. Nguzo ya kwanza ndiyo iliyoleta mabishano makubwa. Askari ana hati ya mshahara, na pato lake halibishaniwi. Lakini muuza ndizi wa Kabeza, au mwashi wa vibarua, hana karatasi yoyote ya mshahara. Kwake yeye hutazamwa kima cha chini cha mshahara. Sasa, kima cha chini kilichowekwa Rwanda mwaka 1980 kilikuwa faranga 100 kwa siku, na kikabaki vivyo hivyo kwa miongo mingi huku bei za vitu vikipanda. Faranga 100 kwa siku ni faranga 36,500 kwa mwaka mzima. Mtu akipewa ulemavu wa asilimia 20 juu ya hesabu hiyo, fidia yake haitoshi hata nauli ya kuifuatilia. Mahakama ziliona upotovu huo, na katika kesi za miaka ya karibuni zimechukua faranga 3,000 kwa siku, yaani 1,095,000 kwa mwaka, kuwa msingi wa kuwahesabia wasio na pato lililothibitishwa. Mtu anayepelekewa barua yenye kiasi cha kuchekesha hana budi kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: hesabu hii imeanzia kwenye pato gani?

Nguzo ya pili, asilimia, ipo mikononi mwa daktari, na itarudiwa hivi punde. Kwanza yatazamwe yanayotokea barabarani.

Ajali inapotokea, aliyeumia vibaya hupakiwa katika gari la wagonjwa na kuondoshwa. Anayebaki ni dereva. Dereva ndiye pekee mwenye nguvu ya kusimama, kusema na kuonyesha kwa kidole. Askari wa usalama barabarani anapofika, husikia maelezo ya upande mmoja, na bila nia mbaya yoyote huyaandika kana kwamba ndiyo mambo yenyewe yalivyokuwa. Huandika, kwa mfano, kwamba mtembea kwa miguu alivuka ghafla. Hakumwona akivuka. Ameambiwa hivyo na mtu mwenye kila sababu ya kusema hivyo. Miezi sita baadaye maneno hayo mawili, «alivuka ghafla», yamo katika barua ya kampuni ya bima, yakiwa yametiwa alama ya kunukuliwa, na chini yake yameandikwa kwamba madai yamekataliwa kwa kuwa polisi wenyewe wamethibitisha kosa la aliyegongwa.

Taarifa ya polisi, ambayo watu wa Kigali wamezoea kuiita PV, haina budi kutenganisha mambo mawili: yale ambayo askari aliyapima na kuyaona kwa macho yake, na yale aliyoambiwa, pamoja na jina la aliyemwambia. Urefu wa alama za breki hupimwa kwa futi kamba. Mahali pa vioo vilivyovunjika, upande wa barabara palipokutwa damu au kiatu, hali ya mwanga na ya lami, vyote huandikwa kabla magari hayajasogezwa. Majina na namba za simu za mashahidi huchukuliwa pale pale, maana umati wa watu hutawanyika baada ya dakika chache, na muuza vocha aliyeona kila kitu kesho atakuwa amehamia kona nyingine. Namba ya hati ya bima, jina la kampuni, tarehe ya kuanza na ya kwisha, vinakiliwa kutoka kwenye hati yenyewe, bila kutegemea kauli ya dereva.

Kisha askari aende hospitali. Hatua hii ndiyo huachwa mara nyingi kuliko zote, na ndiyo ingeokoa madai mengi kuliko zote. Majeruhi akiweza kusema, hata baada ya juma zima, maelezo yake yaandikwe na yaunganishwe na mchoro. Kutoka Remera hadi Kanombe ni safari fupi. Askari aliyefunga jalada bila kumsikiliza mtu aliyelala katika hospitali hiyo ameandika nusu ya ajali.

Daktari naye ana sehemu yake. Kampuni ya bima hailipi maumivu. Hulipa asilimia, na asilimia huandikwa na daktari anayetambuliwa. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni haraka: cheti cha ulemavu hutolewa kabla jeraha halijatulia, mgonjwa angali na vyuma mguuni, na baada ya mwaka goti linakataa kukunjika ilhali karatasi inasema asilimia 5. La pili ni ufupi. Daktari huandika kwamba mgonjwa amepata nafuu na ataendelea kufuatiliwa. Sentensi hiyo ni njema kwa mgonjwa na haina faida yoyote kwa madai yake. Kinachotakiwa ni maelezo ya kiungo kilichopungukiwa, kimepungukiwa kwa kiasi gani, na kazi gani haiwezekani tena. Karatasi za siku ya kwanza, picha za eksirei, na stakabadhi za dawa zitunzwe zote, kwa kuwa kampuni ikitaka kubisha itauliza kama maumivu ya mgongo yalikuwepo tangu siku ya ajali au yalizuka baadaye.

Kampuni ina haki ya kumtuma mgonjwa kwa daktari wake. Haishangazi kwamba daktari huyo mara nyingi huona ulemavu mdogo kuliko ule wa kwanza. Majeruhi asitishike wala asikatae kwenda. Madaktari wawili wakitofautiana, daktari wa tatu ndiye hutafutwa ili kukata shauri, na hapo ndipo ufasaha wa cheti cha kwanza hulipa.

Kwa askari wa miguu asilimia peke yake haisemi yote. Goti lililopungukiwa asilimia 10 halimzuii karani kukaa mezani, lakini humtoa askari katika mazoezi, katika doria, na pengine katika orodha ya kozi ambayo ingempandisha cheo. Ndiyo maana kipengele cha nafasi za kazi zilizopotea kiliwekwa. Kidaiwe kwa ushahidi: barua ya mkuu wa kikosi inayoeleza kazi aliyokuwa akiifanya askari kabla ya ajali na kazi aliyohamishiwa baada yake. Barua ya namna hiyo huandikwa kwa nusu saa, na wakuu wa vikosi wasione kuwa ni jambo la kuombwa mara tatu. Hata askari aumiaye katika kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa hukutana na utawala ule ule wa asilimia. Mwaka 1997 Umoja huo uliweka kiwango kimoja kwa askari wa nchi zote, dola 50,000 kwa kifo, kiwango ambacho baadaye kiliongezwa. Mwenye ulemavu hupata sehemu yake kwa kadiri ya asilimia iliyoandikwa na daktari, na madai hupitia serikali yake.

Hapa pana fundo ambalo huwachanganya wengi. Askari wa jeshi na wa polisi wana bima ya matibabu ya MMI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Askari akiumia hutibiwa Kanombe kwa kadi yake, hatoi fedha nyingi mfukoni, na huona kwamba mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kulipiwa matibabu ni jambo moja, kulipwa fidia ya ulemavu na dereva aliyekosa ni jambo jingine. Kadi ya matibabu humlipa mganga. Haimlipi mtu mguu wake. Wapo waliotibiwa vizuri sana na wakaacha haki yao ipite kwa kudhani kwamba kudai ingekuwa tamaa.

Kampuni ikiona kwamba madai yana miguu ya kusimama, huja na njia nyingine, nayo ni hundi ndogo ya mapema. Mfanyakazi wa kampuni huja na hati ya kutiwa saini, ambayo ndani yake imeandikwa kwamba aliyeumia amepokea malipo yake yote na hatadai tena. Kiasi kinachotolewa hakidharauliki kwa mtu aliyekaa miezi minne bila mshahara. Kupatana ni jambo zuri, na sheria yenyewe inapenda watu wapatane kabla ya kwenda mahakamani. Lakini hati hiyo isitiwe saini kabla asilimia ya mwisho haijajulikana, wala isitiwe saini na mtu asiyeielewa lugha iliyoandikiwa. Fedha za kusaidia matibabu zikikubaliwa, iandikwe wazi kwamba ni sehemu ya malipo. Na mdai aondoke na nakala.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, ni ukimya. Kampuni ya bima ina jengo, ina wanasheria wa mshahara, na haina njaa, yaweza kungoja. Aliyeumia hawezi, na kampuni inajua hivyo. Dawa ya ukimya ni maandishi yenye tarehe. Madai yapelekwe kwa barua, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Kila jibu la mdomo lifuatwe na barua fupi isemayo: tarehe fulani niliambiwa hivi na hivi. Baada ya hapo kampuni haiwezi tena kusema kwamba haikupata kudaiwa, na siku zilizopita huanza kuhesabika dhidi yake badala ya kuhesabika dhidi ya mdai. Jambo hili lisichezewe, kwa maana haki ya kudai nayo ina ukomo wa muda.

Makampuni ya bima nchini Rwanda yako chini ya usimamizi wa Benki Kuu, BNR. Sheria namba 030/2021 inapanga biashara yenyewe ya bima, na Sheria namba 017/2021 inamlinda mteja wa huduma za fedha. Malalamiko dhidi ya kampuni inayokaa kimya au kukataa bila kueleza sababu hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha Benki Kuu. Benki Kuu si mahakama na haiwezi kukaa mahali pa hakimu kupima nani alikosa barabarani. Lakini kampuni inayotegemea kibali cha Benki Kuu haipendi kuulizwa nayo kwa nini faili la mtu aliyekatwa mguu limelala mwaka mzima, na barua ambayo mgonjwa aliisubiri kwa miezi mara nyingine hupatikana kwa siku chache.

Ikibidi kwenda mahakamani, majeruhi anaweza kuishtaki kampuni ya bima moja kwa moja bila kumtafuta kwanza mwenye gari. Tena dereva akishtakiwa kwa kosa la jinai, majeruhi anaweza kujiunga na kesi hiyo kama mdai wa fidia, na ushahidi ule ule ukatumika mara mbili. Dereva akiwa mwanajeshi, kesi yake ya jinai husikilizwa na mahakama za kijeshi, ambazo Mahakama Kuu yake iko hapo hapo Kanombe. Raia aliyegongwa asidhani kwamba mlango wa mahakama hiyo umefungwa kwake kwa kuwa mlangoni pamesimama mlinzi mwenye bunduki.

Haki inataka na upande wa pili usikilizwe. Makampuni ya bima hayakuwa na mashaka bila sababu. Wapo watu wanaonunua vyeti vya ulemavu. Wapo waliokuwa nyumbani wamelala siku ya ajali, na majina yao yakaonekana katika orodha ya abiria walioumia. Kila mara askari mmoja anapokubali kuongeza jina katika taarifa, au daktari mmoja anapoongeza asilimia kwa ajili ya rafiki, kampuni hupata kisingizio cha kuwatilia shaka watu mia moja wasemao kweli. Mwizi wa namna hii haiibii kampuni peke yake. Anamwibia mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Vipi basi pale ambapo hakuna kampuni ya kudai? Gari limegonga usiku na kukimbia, au limekutwa halina bima, au lilikuwa limeibwa. Kwa ajili ya mambo haya upo Mfuko Maalumu wa Dhamana, unaoongozwa na Sheria namba 52/2011 ya tarehe 14 Desemba 2011. Mfuko huo huwafidia watu walioumizwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima, na pia walioumizwa na wanyama wa porini, jambo lenye maana kwa wakaao kandokando ya Akagera na ya milima ya Volkano. Lakini Mfuko nao huanza kwa kuuliza taarifa ya polisi. Gari likikimbia, askari asiseme kwamba hakuna jalada la kufungua kwa kuwa hakuna mshitakiwa. Jalada lisemalo kwamba gari halikutambuliwa, pamoja na juhudi zilizofanywa kulitafuta, ndilo ufunguo wa fedha hizo.

Na vipi pale ambapo kampuni ipo, imekubali, lakini haina fedha? Kenya ilionja uchungu huo. Shirika la bima la taifa, Kenya National Assurance, lilianguka mwaka 1996. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Hizi mbili za mwisho ziliwakatia bima wenye matatu wengi, na zilipoanguka waliachwa watu wa aina mbili kwa pamoja: waliokuwa na hukumu mkononi zisizo na wa kuzilipa, na wenye matatu waliokuwa wamelipa bima yao sawasawa na sasa dalali wa mahakama anabisha hodi kwao. Uganda ilikuwa na shida ya namna nyingine: sheria yake ya mwaka 1989 iliweka ukomo wa shilingi milioni moja kwa kila aliyeumia, na fedha hiyo ikaliwa na kupanda kwa bei mpaka ikabaki jina tu. Kwa hiyo mwenye gari anayezunguka mjini akitafuta bima ya bei ya chini kuliko zote ajue ananunua nini. Stika yaweza kuwa halali kabisa mbele ya askari wa barabarani, na isiwe na kitu nyuma yake.

Limebaki lori la kigeni. Barabara ya Kigali hupitiwa mchana na usiku na malori yatokayo Dar es Salaam kwa njia ya Rusumo, na yatokayo Mombasa kwa njia ya Gatuna. Madereva wake wamezoea kushika upande wa kushoto, na wakivuka mpaka hulazimika kushika wa kulia. Uchovu wa safari ndefu ukiongezwa juu ya hilo, si ajabu kwamba ajali hutokea. Lori hilo halina bima ya kampuni ya Kigali. Lina Kadi ya Manjano, mpango ulioanzishwa katika miaka ya 1980 chini ya PTA, ambayo baadaye ilikuwa COMESA, ili bima iliyonunuliwa katika nchi moja imlinde aliyeumizwa katika nchi nyingine. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini ikabaki katika mpango wa kadi, kwa hiyo dereva wa Tanzania asikubaliwe anaposema kwamba kadi haimhusu. Madai hupelekwa kwa ofisi inayosimamia mpango huo hapa nchini, na mgonjwa hana haja ya kufunga safari ya Dar es Salaam kwa magongo. Kinachohitajika ni namba ya kadi, namba ya lori na ya tela lake, kwa kuwa namba hizo mbili hutofautiana, jina la mwenye lori, na tarehe ambayo kadi inakwisha. Viandikwe lori likiwa bado limesimama, maana mzigo wa Goma haulali Kigali.